Daftari la Kibandani, Buyenzi, Bujumbura

Jumapili, 26 Aprili 2015

Jana chama tawala kilimpitisha Rais Nkurunziza agombee muhula wa tatu. Leo watu wa mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke wametoka barabarani kupinga. Sisi Buyenzi tumeshinda vibarazani, redio zimepakatwa kama watoto wagonjwa. Redio ya RPA wanarusha moja kwa moja: mwandishi anatangaza huku anakimbia, unasikia viatu vyake, unasikia pumzi inamkatika, halafu bomu la machozi.

Kibanda changu sikukifungua rasmi, ila kufika adhuhuri nilishaletewa redio nyingi kuliko wiki nzima iliyopita. Ugonjwa ni uleule: betri ziliachwa ndani zikavuja, chemchemi zimeota kutu ya kijani. Watu wanazishusha kutoka juu ya makabati. Nasugua kwa msasa, natia tone la limau, natia lehemu, nachukua nyingine.

Jioni binamu kapiga simu kutoka Ngozi. Kule redio za Isanganiro na Bonesha zimekatika ghafla, amedhani redio yake imekufa. Nikamwambia redio yako nzima. Stesheni zote hizi studio zao ziko hapa mjini, mikoani wanasikika kwa minara ya kupokezana. Ukizima mnara wa mlimani, mji unaendelea kusikia na mikoa yote inakuwa kiziwi. Aliyetoa amri hiyo anaijua kazi.

Jumatatu, 27 Aprili

RPA imefungwa. Isanganiro na Bonesha bado zinasikika mjini, ila wamekatazwa kurusha maandamano moja kwa moja.

Mzee jirani amekaa kwenye benchi langu mpaka saa mbili usiku hataki kwenda nyumbani. Anasema haamini. RPA kwake ni kama msikiti wa pili. Alexis Sinduhije alipoianzisha mwaka 2001 alichanganya waandishi wa Kihutu na Kitutsi katika chumba kimoja wakati watu bado wanaogopana barabarani, na wanyonge wakaiita sauti ya wasio na sauti. Januari mwaka huu mkurugenzi wake, Bob Rugurika, alitiwa ndani kwa sababu redio ilirusha ushahidi wa mtu aliyedai kushiriki mauaji ya wale watawa watatu wa Kiitalia wa Kamenge. Alipotoka Februari mji ulisimama kumpokea. Nadhani siku ile ndipo wakubwa walipoona ukubwa wa kile walichokuwa wanakiita redio tu.

Jumatano, 29 Aprili

WhatsApp haifunguki. Facebook haifunguki. Vijana wanazungusha simu juu kama wanatafuta kunguru.

Jumatano, 13 Mei

Naandika mkono ukitetemeka. Mchana Jenerali Niyombare kasikika kwenye redio binafsi akitangaza kwamba Nkurunziza, ambaye yuko Dar es Salaam mkutanoni na marais wenzake wa Afrika Mashariki, ameondolewa. Watu wamemiminika, wanawake wanapiga vigelegele, wengine wamepanda juu ya magari ya jeshi. RPA ikafunguliwa tena. Ile sauti iliporudi, mzee jirani alilia mbele za watu, hakujificha.

Jambo moja sikulipenda, na nitaliandika hapa kwa kuwa nje siwezi kulisema leo: watu wameivamia Rema FM kwa kuwa ni ya upande wa serikali. Wameshangilia vifaa vikibomolewa. Mimi nikiona mtambo unapondwa tumbo linaniuma, uwe wa nani. Tena anayefundisha kwamba stesheni huzimwa kwa nyundo asishangae nyundo ikigeuka.

Usiku huu bunduki hazilali.

Alhamisi, 14 Mei

Sikukuu ya Kupaa, lakini kengele sikuzisikia. Wanapigania jengo la redio ya taifa.

Tangu alfajiri niko chini ya meza na redio ndogo. Nataka kuandika nilichokisikia, maana asiye fundi hakukitambua. Stesheni ya FM ikiwa hewani na hakuna anayesema, redio hunyamaza kabisa, kimya kizito, kwa sababu mtambo bado unarusha wimbi ingawa hakuna sauti juu yake. Mtambo wenyewe ukizimika, ndipo unasikia mchakacho kama mchele unapepetwa. Sasa, asubuhi stesheni moja ilikuwa kwenye kile kimya kizito. Nikajua: studio imekimbiwa, mtambo unaishi. Nikawa nairudia kila baada ya dakika chache. Kimya. Kimya. Halafu mchele.

Nimezungusha mshale kutoka mwanzo mpaka mwisho. RPA, mchele. Bonesha, mchele. Isanganiro, mchele. Renaissance hali ni hiyohiyo. Wanasema RPA imechomwa moto na wengine wamepigwa kwa silaha kubwa. Redio ya taifa peke yake ndiyo inatoa sauti, na yenyewe inakatikakatika.

Mke wangu akaniambia, "Baba, zima basi, unamaliza betri." Nikazima.

Jumatano, 20 Mei

Mapinduzi yameshindwa, rais karudi, waandishi wametoroka. Tangu siku ile kila mtu amekuwa stesheni. Leo peke yake nimeambiwa vijana wa chama tawala, Imbonerakure, wanakuja usiku kwa malori, nimeambiwa pia Rwanda imevuka mpaka, kisha nikaambiwa daraja limevunjwa. Hakuna hata moja la kweli. Zamani uvumi ulikuwa unaishi nusu saa: mtu anapiga simu redioni, mwandishi anakwenda kuangalia, anasema hapana. Sasa uvumi unalala na kuamka, unakua, unaoa.

Shemeji yangu wa Nyanza-Lac amekimbia na watoto, wako Kagunga, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania. Anasema ufukwe umejaa watu mpaka majini, kipindupindu kimeingia, na meli kongwe ya Liemba inawasomba kuwapeleka Kigoma. Nimemuuliza nini kilimkimbiza hasa. Akasema, "Hatukuwa na wa kumuuliza."

Jumatano, 10 Juni

Amekuja kijana, simtaji, aliwahi kuniletea redio za mama yake. Akasubiri wateja waondoke. Akauliza: "Fundi, ukipewa pesa unaweza kutengeneza mtambo mdogo? Wa kufika Ngagara mpaka Musaga tu." Ametoa picha kwenye simu, saketi ya wati chache aliyoitoa mtandaoni. Mchoro si mbaya. Koili ameikosea mizunguko, lakini si mbaya.

Sikumjibu. Nilichukua redio ndogo, nikaweka kwenye mawimbi ya kati, nikatafuta stesheni ya mbali, nikampa. Nikamwambia aizungushe polepole palepale mkononi. Sauti ikawa inapungua, inapungua, ikafa. Akaendelea kuzungusha, ikafufuka. Nikamwambia rudi pale ilipokufa. Ndani ya redio hiyo mna kijiti cheusi kilichoviringwa nyaya. Pale sauti inapokufa, kijiti kimeelekea stesheni kama kidole. Anayekutafuta akiwa mmoja, anajua mstari. Wakiwa wawili, mmoja Kamenge na mmoja Kanyosha, mistari yao inakutana. Inakutana juu ya bati la mama yako. Nao hawatumii redio ya faranga elfu tano.

Akanyamaza. Kisha akasema wenzetu duniani wamefanya. Kweli wamefanya. Nikamweleza habari ya Poland niliyoisoma zamani: jeshi liliwawekea amri ya dharura Desemba 1981, na Aprili 12, 1982, Jumatatu ya Pasaka saa tatu usiku, Redio ya Solidarność ikasikika Warsaw kwa dakika kama nane tu, ikianza na wimbo wa mtaani uliopigwa kwa filimbi. Dakika nane ni kipimo cha fundi. Ndio muda uliopo kabla mistari haijakutana. Katika matangazo yaliyofuata waliwaomba wasikilizaji wazime na kuwasha taa za nyumbani kama wamesikia, na mji ukawa unakonyeza. Hata hivyo, Zofia Romaszewska, aliyetangaza, na mumewe Zbigniew, aliyeiandaa redio, walikamatwa kabla mwaka haujaisha.

Kijana akacheka: "Hapa taa zingezimika zenyewe, tungedhani tuna wasikilizaji." Nami nikacheka. Ameondoka bila mtambo. Yote niliyosema ni kweli, na pia kweli ni kwamba nina watoto.

Jumatano, 24 Juni

Ramadhani siku ya saba. Baada ya tarawehe mzee jirani kaja na tende. Yeye ni mkimbizi wa 1972, amekulia Ulyankulu kule Tabora, Kiswahili chake hata leo kina vumbi la Tanzania. Anakumbuka utotoni redio ya baba yake ikikamata idhaa ya ANC iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwa mitambo ya Redio Tanzania. Ilifunguliwa kwa milio ya bunduki. Anasema watoto walikuwa wanaingia chini ya kitanda kwa kujifurahisha.

Nikamwambia ile ya Dar ilikuwa ya raha, ina serikali nyuma yake, ina mtambo wa masafa mafupi, nani ataigusa? Ya kwanza ya ANC haikuwa hivyo. Juni 26, 1963, Walter Sisulu alisikika akiwa mafichoni, kutoka nyumba moja ya Parktown, Johannesburg, na sauti ilikuwa kwenye kanda iliyorekodiwa kabla. Kanda hupigwa na mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoona akili: mwenye sauti asiwe mahali ilipo sauti yake. Siku kumi na tano baadaye polisi waliingia shamba la Lilliesleaf kule Rivonia wakamkamata.

Mzee akatafuna tende, akasema, "Lakini fundi, usiwe unasema redio ya siri kama unasema maji ya zamzam." Na hapo alinigusa, kwa maana ninajua alikokuwa anaelekea. Sisi wawili tulikuwa hapa mwaka 1995. Rutomorangingo tuliisikia sote. Ilikuwa redio ya siri kwelikweli, ikirusha kutoka upande wa Zaire kuanzia 1994, ikihusishwa na waasi wa CNDD, na baadaye ikajiita Redio Demokrasia. Wengi waliihesabu kati ya redio za chuki, tukiwa tumetoka kuona RTLM ilivyofanya Rwanda jirani. Nani alikuwa mnyonge wakati ule? Wao. Nani alikuwa na haki ya kusikika? Nao walisema ni wao. Leo waliozaliwa na vuguvugu lile wako ikulu, na wanazijua redio zisizo na anwani kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo mtambo uliofichwa hauna utakatifu wake wenyewe. Mimi kipimo changu ni kimoja, na nimempa mzee: RPA ilikuwa ukiipigia kuikosoa wanakuweka hewani. Rutomorangingo ungeipigia wapi?

Mzee hakukubali. Anasema wakati wa vita hakuna simu. Tumeachana hivyo.

Jumanne, 21 Julai

Wamepiga kura. Vidole vyeusi vichache mtaani kwetu. Redio ya taifa inasema watu wamejitokeza kwa wingi.

Jumatano, 5 Agosti

Jumapili Jenerali Adolphe Nshimirimana, mtu wa karibu wa rais, aliuawa kwa roketi Kamenge. Jumatatu wakampiga risasi mzee Mbonimpa wa haki za binadamu, yu hai. Vizuizi kila mahali. Nafunga saa kumi.

Jumanne, 8 Septemba

Waandishi waliokimbilia Kigali wanatengeneza vipindi wanavituma kwa WhatsApp: Humura cha RPA, na Inzamba. Kinakuja kipande cha sauti, mtu anampa mwenzake, kesho kimefika Gitega. Wenzangu wanasema teknolojia imewashinda wakubwa. Mimi sina furaha hiyo.

Jana kwenye kizuizi askari ametuomba simu. Hakuuliza kitambulisho kwanza, simu kwanza. Anafungua, anapitisha kidole, anatazama sauti zilizohifadhiwa. Kijana mbele yangu alikuwa na Inzamba ya juzi, hata hakuisikiliza, iliingia yenyewe kutoka kwenye kundi la mpira. Wamemweka pembeni. Mimi simu yangu ni ya vitufe, wakanirudishia kwa dharau.

Nimelifikiria hili usiku kucha. Redio humfichua anayesema na humsitiri anayesikia. Mwenye mtambo anaonekana mji mzima, ila ni vigumu mno kwa fundi yeyote kujua ni nani amezungusha mshale akamsikia. Ukizima, hakuna kilichobaki. Si kwenye spika, si kwenye betri. Simu imegeuza kila kitu. Msemaji yuko Kigali, salama, Mungu amzidishie. Ushahidi uko mfukoni mwa mama muuza ndagala.

Wateja wanataka niwatilie vipindi kwenye kadi za kumbukumbu, zile za kuchomeka kwenye redio za Kichina. Nimekataa. Kaswida ninatia.

Jumamosi, 3 Oktoba

Habari nzito. Redio moja ya Uvira, upande wa Kongo, Le Messager du Peuple, inarusha vipindi vya RPA. Inavuka ziwa.

Nilikuwa sijaamini mpaka nilipoisikia mwenyewe. Halafu nikaona ajabu iko wapi? Uvira ipo pale, ukisimama ufukweni jioni unaona milima yake na usiku unaona taa. FM haipendi vilima na maghorofa, inapenda kuona inakokwenda, na juu ya maji hakuna cha kuizuia. Ziwa Tanganyika ni barabara ya lami kwa wimbi la FM. Huko Bwiza nyuma ya majengo inasikika kwa shida, lakini nyumba zinazotazama ziwa wanaipata kama iko chumbani.

Kutwa nzima nimekata nyaya. Antena za kuvuta nyingi zimevunjika, nami nawaambia hamhitaji antena ya duka: waya wa sentimita kama 75, robo ya wimbi, uuvue ngozi ncha moja, uubane kwenye mzizi wa antena ya zamani, uusimamishe dirishani upande wa magharibi. Wanaume wazima wamepanga mstari na vipande vya waya vimening'inia mikononi. Hakuna aliyesema ni kwa ajili gani. Mmoja alinieleza anapenda sana nyimbo za Kikongo.

Na ile redio, yenyewe si ya siri. Ina mtambo wake, ina mlango, iko katika nchi nyingine na inajulikana. Kinachovuka mpaka kwa magendo ni sauti tu. Usiku nilipita mtaa wetu kwenda msikitini nikaisikia kutoka nyumba ya kwanza, ikaniacha katikati ya sentensi, nyumba ya tatu ikaipokea, nikafika mlangoni sentensi imekwisha. Tangu Mei sikuwahi kujua jirani yangu anajua ninachokijua. Simu haikuwahi kunipa hilo, kila mtu na sikio lake, saa yake, kipande chake.

Yule kijana wa mtambo, mama yake kanidokeza yuko ng'ambo hiyo. Sikuuliza anafanya nini.

Jumatatu, 26 Oktoba

Wakuu wa Kongo wameifunga redio ya Uvira. Haikuchukua hata msimu mmoja wa mvua. Nyaya bado ziko madirishani na sijaona wa kuziondoa.

Kuna wanaoanza kuulizia redio za masafa mafupi kwa ajili ya BBC na Sauti ya Amerika. Nina mbili, moja haina kifuniko.

Jumatatu, 22 Februari 2016

Wiki iliyopita serikali iliruhusu Isanganiro na Rema FM zifunguliwe, baada ya kutia saini ahadi kwamba habari zao zitakuwa na mizani. RPA, Bonesha na Renaissance bado.

Basi Isanganiro imerudi. Siwezi kuwalaumu waliobaki. Ningependa kuona anayewalaumu akikaa kwenye ile studio na karatasi ile ikiwa kwenye droo ya meza. Wanatangaza bei ya mbegu, mpira, chanjo, na katikati muziki. Wakati mwingine mtangazaji anaanza sentensi kwa ile sauti ya zamani, halafu unamsikia anageuza njia.

Asubuhi kaja bibi mmoja wa mtaa wa sita na redio yake kwenye kanga. "Fundi mwanangu, itazame, siku hizi inaimba tu." Nimeifungua mbele yake. Nimepima betri, nimegusa waya za spika, nimepuliza vumbi, nimezungusha mshale kwenda na kurudi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, redio haina ubovu."

"Marahaba. Basi mbona haisemi?"

Nimeifunga skrubu zote nne, nikamrudishia bila kuchukua faranga. Kaondoka akinung'unika kwamba nimezeeka, sijui kazi tena, atampelekea yule wa Bwiza.